Silva ya koloidi: mita ya TDS peke yake haitoshi

Mimi kazi yangu ni maabara hapa Kampala, na swali la jinsi ya kujua kiasi cha silva kilichomo majini naulizwa sana na wafinyanzi wanaotengeneza vyungu vya kuchujia maji, wale wanaopaka silva ya koloidi (chembe ndogo sana za silva zinazoelea majini) kwenye udongo ili kuua bakteria. Wanatengeneza silva wenyewe kwa umeme, wanachovya kimita cha TDS (cha kupima vitu vilivyoyeyuka majini), kinasoma 12, basi wanaandika ppm 12, yaani miligramu 12 za silva kwa lita. Hapana jamani. Kile kimita kinaangalia tu maji yanapitisha umeme kiasi gani, halafu kinakisia kana kwamba ni chumvi. Silva iliyo ayoni, yaani iliyoyeyuka ikiwa na chaji ya umeme, kitaigusa, ila chembe zenyewe, koloidi yenyewe, hakizioni kabisa. Taa ya leza nayo inaonyesha chembe zipo, haisemi ni ngapi.

Mi naanzia kwa hesabu ya Faraday, ya kukadiria silva kutokana na umeme uliopita. Miliampia 1 ikipita saa 1 inatoa karibu miligramu 4 za silva kwenye waya, kwa hiyo miliampia 5 kwa saa 2 ndani ya lita 1 ni kama miligramu 40, na hicho ni kikomo cha juu, maana nyingine inarudi kuganda kwenye waya wa pili, ule unga mweusi, na nyingine inatulia chini. Multimita, kile kipimo cha umeme, iache kwenye saketi muda wote kwa sababu mkondo unapanda kadiri silva inavyoingia majini, andika kila dakika 10 utafute wastani, na umeme ukikatika simamisha saa. Maji yawe distilled, yale ya kuongezea betri (sio asidi yake!), ya bomba yana kloridi, yatageuka maziwa.

Na hayo maziwa yana faida. Tengeneza chupa za kulinganishia kwa silva nitreti, miligramu 15.7 kwa lita inakupa silva miligramu 10, tia chumvi kidogo kila chupa na kwenye sampuli yako, zipange mbele ya kitambaa cheusi uone ukungu wako unafanana na upi. Hapo umepata ayoni, chembe bado.

Wanaouliza ili wanywe, naomba msinywe. Marekani FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilishasema mwaka 1999 kwamba dawa za aina hii hazitambuliki kuwa salama wala kufanya kazi, na ngozi ikishageuka kijivu-bluu hairudi. Kwa maji ya kunywa WHO inataja silva hadi miligramu 0.1 kwa lita kuwa kiasi kinachovumilika, kwa hiyo kabla hujauza chungu, maji yanayotoka humo yapelekeni maabara yenye mashine ya atomic absorption, inayopima kiasi cha metali.