Kopo Lililovimba Halichemshwi

Tangu ukaguzi wa matunda ya makopo uanze madukani hapa Amu (Lamu), swali la wenye maduka kwetu wakaguzi ni lile lile: mbona mwatuchukulia mali? Twaelewa, mtaji ni mtaji. Lakini Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254 ya Sheria za Kenya, haimtaki afisa angoje mtu augue kwanza.

Afisa aliyeidhinishwa akiwa na sababu ya kuamini kuwa chakula kimechafuka, huingia dukani kwa saa zinazofaa, hukagua, huchukua sampuli na kuuzuilia mzigo. Sampuli hutiwa lakiri, ikaenda kupimwa maabara. Mzigo wenyewe waweza kuachwa ghalani mwako, lakini kukaa chini ya paa lako hakukupi ruhusa ya kuugusa. Kuuhamisha, kubandua lakiri, au kumtolea jirani katoni moja "kwa bei ya hasara" ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Mwenye mali akikubali kwa maandishi, mzigo huharibiwa. Asipokubali, jambo huenda kwa hakimu.

Sasa hili la kutoboa kopo lililovimba, kutoa hewa, kisha kuchemsha. Hapana! Tumelisema kila baraza na bado twalikuta jikoni. Asidi ya nanasi hula bati la kopo kwa ndani, na madini hayatoki kwa moto. Kiwango cha juu cha bati katika vyakula vya makopo, kwa mujibu wa Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 250 kwa kilo. Bati likizidi, tumbo hukata, mtu akatapika na kuhara. Mtoto aliyefuturu kwa tunda hilo hana kosa lolote.

Mzigo wetu huvuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kwa mashua, ukapanda punda gatini, na maji ya chumvi huingia chini ya lebo. Juzi nilibandua lebo ya kopo lililoonekana zima kabisa. Chini yake palikuwa na pete ya kutu, na kwenye mshono tone la sharubati lililozungukwa na sisimizi.

Ukilishuku kopo, usilifungue wala usiwape kuku. Lifunge kwa gazeti, ulilete kwa afisa wa afya ya umma pamoja na risiti. Na tafadhali usiisugue kutu ya kifuniko: hapo ndipo ilipopigwa nambari ya bechi, na kwa nambari hiyo twayafuata makopo mengine yaliyokwisha kuuzwa.