Huduma ya kwanza ukumbini na uwanjani: dhana zinazopoteza dakika

Dhana: Aliyeanguka bado anakoroma, basi anapumua. Mpepeeni, atazinduka.

Ukweli: Moyo ukisimama ghafla, mtu anaweza kukoroma au kutweta kwa vipindi kwa dakika kadhaa. Huko si kupumua. Mtikise mabega, mwite. Haitiki na pumzi si za kawaida? Anza kukandamiza: kiganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, kina cha sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kifua kiachwe kirudi juu. Mpokezane kila dakika 2, maana aliyechoka hukandamiza juujuu bila kujijua. Mjini Copenhagen, 12 Juni 2021, mwanasoka wa Denmark Christian Eriksen alianguka moyo ukisimama katikati ya mechi, akakandamizwa kifua na kushtuliwa kwa mashine palepale uwanjani. Mwaka uliofuata alikuwa anacheza tena.

Dhana: Mashine ya kushtua moyo ni ya daktari. Ukikosea, unaua.

Ukweli: Hupima mapigo yenyewe, hukuelekeza kwa sauti, na haishtui moyo usiohitaji kushtuliwa. Kinachoiangusha ni betri iliyokwisha, pedi zake za kubandika kifuani zilizopitwa na muda, kifua chenye jasho ambacho hakikukaushwa, au kabati lenye kufuli huku ufunguo ukiwa kwa meneja aliyekwenda msibani.

Dhana: Wa kifafa atiwe kijiko mdomoni.

Ukweli: Kijiko huvunja meno na kuziba njia ya hewa. Ondoa viti karibu naye, tazama saa, mlaze ubavu degedege likiisha. Likipita dakika 5, ita ambulansi.

Dhana: Sanduku la huduma ya kwanza lipo, tuko tayari.

Ukweli: Mengi yana panadol na spiriti tu, glavu na bandeji ziliisha zamani. Zaidi ya sanduku, kabla ya shughuli wapangeni watu kwa majina: wa kupiga simu (112 Tanzania, 999 au 112 Kenya), wa kuleta vifaa, wa kusimama getini kuipokea ambulansi.

Dhana: Kwenye msongamano watu hufa kwa kukanyagwa.

Ukweli: Wengi hukosa hewa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa pande zote hata hakiwezi kupanuka. Mikono ikunjwe mbele ya kifua ili ibaki nafasi ya kupumua. Na mlango wa dharura ufunguke kwa nje, bila ule mnyororo wa kuzuia wasio na tiketi.