Mluzi wa Airbus A320 hautoki kwenye injini

Wanaoishi karibu na viwanja vya ndege vya Frankfurt na London wanaujua vizuri mluzi mwembamba wa A320 inapokaribia kutua. Kwa miaka mingi wengi wameamini ni injini zinazolia. Sivyo. Wakati huo injini huwa zimepunguzwa nguvu, na hilo lenyewe huufanya mluzi usikike wazi zaidi.

Chanzo ni hewa inayopita kwenye bawa. Upande wa chini wa kila bawa kuna matundu ya mviringo yanayosawazisha mgandamizo ndani ya matangi ya mafuta. Hewa ikipita kwa kasi kwenye mdomo wa tundu, huyumba na kujiviringisha kuwa vimbunga vidogo vidogo. Vikigonga ukingo wa nyuma wa tundu, wimbi la mgandamizo hurudi mbele na kuchochea vingine kwa mpigo uleule. Uwazi wa ndani nao huitikia, kama chupa inayopulizwa mdomoni, na kinachotoka ni toni moja kali badala ya mvumo. Masikio huudhiwa zaidi na toni kama hiyo kuliko mvumo wenye nguvu sawa, kwa hiyo malalamiko ya majirani wa viwanja yalikuwa na msingi kabisa.

Tiba nayo haikugusa injini. Mwaka 2014 shirika la ndege la Ujerumani, Lufthansa, lilianza kufunga kipande kidogo cha chuma mbele ya matundu, kinachoivuruga hewa kabla haijayafikia. Kelele ya ndege nzima ilipungua kwa hadi desibeli 4 katika sehemu ya safari ya kutua.