Mbwa makaburini: yupi aingie, yupi azuiwe

Sisi madaktari wa mifugo huulizwa swali hili na kamati za misikiti, walinzi wa makaburi ya mji na wazee wenye viwanja vya ukoo: je, mbwa aruhusiwe makaburini? Jibu langu ni kwamba mbwa aliyechanjwa, aliyefungwa kamba na aliye mkononi mwa mwenyewe, sioni sababu ya kumfukuza. Anayefukua, anayeuma na anayesambaza minyoo ni yule anayezurura, na huyo kibao cha getini hakimzuii.

Hapa Uganda wengi huzikwa nyumbani. Kiwanja cha ukoo, ambacho Waganda hukiita ekiggya, mara nyingi kiko nyuma ya migomba, hatua chache tu kutoka jikoni, kwa hiyo mbwa wa nyumba anaishi humo tayari. Wa mbali huitwa na msiba wenyewe. Ng'ombe amechinjwa, damu na matumbo vimemwagwa migombani, mifupa imetupwa baada ya watu kula, na pembeni pana tuta la udongo uliolegea. Chimbeni shimo la taka kabla ya kisu kushikwa: kina cha mita moja, mbali na makaburi. Kila mnapotupa, funikeni kwa udongo, na mwisho juu ibaki nusu mita nzima ya udongo mtupu.

Kaburi lenyewe ndilo kinga kubwa. Futi 6 ni kina kizuri, lakini wachimbaji wakikuta mwamba au maji huishia futi 3 na kusema yatosha. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Uganda, walilitazama jambo hili zamani: kaburi dogo kabisa linalokubalika ni lile linalozuia harufu isitoke na wanyama wasimfikie maiti. Lililo kamili lina kina cha kimo cha mtu aliyesimama na kuinua mkono. Kipimo cha chini hapo ni mnyama na pua yake, na mimi kama tabibu wa wanyama sina cha kuongeza.

Maiti anapolazwa kwenye mwanandani, yaani shimo dogo ndani ya kaburi, akiwa na sanda tu, bila jeneza, kinachomkinga ni viunza, yaani mbao za kuufunika, na udongo. Viunza vikiachana, udongo huporomoka ndani, uso wa kaburi hubonyea na harufu hupanda kwenye ufa. Zibeni kila nafasi kwa udongo mbichi uliokandwa. Kisha rudisheni udongo kwa tabaka za sentimita 30, kila tabaka ishindiliwe kabla ya nyingine. Ukimwagwa wote kwa mkupuo, mvua mbili tatu zikinyesha kaburi linatitia, na mbwa hupata pa kuanzia.

Nawasihi sana kuhusu kaburi la mtoto mchanga. Shimo lake huchimbwa fupi kwa sababu mwili ni mdogo, ilhali mbwa anapima kina, hapimi umri. Chimbeni kina kilekile cha mtu mzima. Mahali penye mbwa wengi, tandazeni wavu wa chuma sentimita 20 chini ya uso wa udongo, uzidi ukingo wa shimo pande zote. Wavu ukikosekana, mawe mazito au matawi ya miiba yatalinda wiki za mwanzo, udongo ukiwa bado laini.

Wanaojengea kaburi wasubiri tuta litulie kwanza, angalau msimu mmoja wa mvua upite. Siku ya kusakafia, wekeni mlinzi hadi asubuhi au funikeni kwa turubai lililoinuliwa kwa vigingi. Nyayo za mbwa kwenye saruji mbichi ni kitu cha kuumiza moyo kukitazama: kitako cha pembetatu, vidole vinne, vijishimo vya kucha, safu moja kutoka miguuni kwa marehemu hadi kichwani. Saruji ikishakauka, haziondoki ila kwa kupiga lipu upya.

Mkojo ni tatizo dogo kuliko watu wanavyodhani. Una chumvi zinazotia madoa kwenye marumaru na kuchubua saruji taratibu, ila maji matupu yakimwagwa mapema yanatosha. Siki na limau zisiguse marumaru, asidi inaila. Kinyesi ndicho cha kuogopwa. Mayai ya mnyoo wa toksokara huhitaji takriban wiki 2 hadi 4 kwenye udongo ndipo yaweze kuambukiza, kisha hudumu humo miaka. Kinyesi kikiokotwa siku hiyohiyo, mayai hayapati muda huo. Anayeng'oa magugu makaburini avae viatu na glavu, kwa kuwa mabuu ya safura ya mbwa hupenya ngozi.

Huko Washington, Marekani, makaburi ya Congressional huwasajili wenye mbwa kwa ada, na fedha hizo husaidia kuyatunza. Utaratibu huo unawezekana kwa sababu kila mbwa ana mwenyewe anayejulikana. Kwetu, anzeni na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na kamba isiyozidi mita 2. Ila katika makaburi ya Waislamu, hata mbwa wa namna hiyo abaki nje ya geti: kwa Washafii, palipoguswa na mate yake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na heshima hiyo haihitaji mjadala.

Sumu msitege. Huua kunguru, paka na hata mtoto, na mbwa wapya wasiochanjwa huhamia palipoachwa wazi. Kinachokata kichaa cha mbwa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kwa hiyo mwombeni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, awaite watu wa mifugo wa wilaya.

Mtu akiumwa, osheni jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuanza chanjo. Msipake majani wala mafuta. Mbwa akipatikana, afungwe na kuangaliwa siku 10, lakini mgonjwa asingoje siku hizo: dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.