Sekunde ya nyongeza, na kwa nini watu wa kompyuta wamechoka nayo

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, dakika ya mwisho kabla ya saa tisa usiku kwa saa za Lamu ilikuwa na sekunde 61. Saa za ukutani hazikujua. Kompyuta zilijua, na baadhi yake zilivurugika.

Sekunde hiyo huitwa sekunde ya nyongeza. Huingizwa kwenye saa rasmi ya dunia, UTC, ambayo kwa Kenya iko saa tatu nyuma yetu, ili isiachane na mzunguko wa dunia. Tangu 1967 sekunde haipimwi kwa jua, bali kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mionzi ya atomu ya sesiamu, na mitetemo hiyo haibadiliki. Dunia nayo hubadilika. Mwezi huvuta bahari, maji hujaa na kupwa, na msuguano wa maji na sakafu ya bahari huipunguza dunia kasi. Nahodha anayengoja maji yajae apate kupita Mkanda, mlango wa bahari karibu na Lamu, anangoja nguvu ileile inayoichelewesha dunia. Kwa sababu hiyo siku hurefuka kama milisekunde mbili kwa karne. Ni kidogo, ila hujumlika: siku ikizidi saa 24 kwa milisekunde mbili, baada ya siku 500 saa na dunia zimepishana sekunde nzima.

Kanuni ni kwamba tofauti isipite sekunde 0.9. Tangu 1972 zimeongezwa sekunde 27, ya mwisho ikiwa hiyo ya kuingia 2017.

Ratiba yake ndiyo kero. Mwaka mrefu unajulikana mapema. Hata leo ukiulizwa kama 2096 utakuwa na tarehe 29 Februari, utajibu ndiyo. Sekunde ya nyongeza haina hesabu ya namna hiyo, kwa kuwa mabadiliko ndani ya dunia na mwendo wa hewa huuyumbisha mzunguko. Kwa hiyo IERS, taasisi ya kimataifa inayofuatilia mzunguko wa dunia, hupima, kisha hutoa tangazo mara mbili kwa mwaka, takriban miezi sita kabla ya mwisho wa Juni au wa Desemba. Siku hizi tangazo husema tu kwamba hakuna sekunde. Aliyetengeneza programu leo hawezi kuweka ndani yake orodha ya sekunde za miaka kumi ijayo.

Tena kompyuta nyingi hazina pa kuiandika. Saa ya Unix, mfumo ambao kompyuta nyingi zimeiga namna yake ya kuhesabu muda, huhesabu sekunde tangu saa tisa usiku wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa zetu, na kwake kila siku ina sekunde 86,400, haizidi wala haipungui. Ikija ya 86,401, namba hurudiwa. Programu inayotoa muda wa mwanzo kutoka muda wa mwisho inaweza kupata jibu hasi, kana kwamba kazi ilimalizika kabla haijaanza. Hilo ndilo lililoipata Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, 2017: hesabu yao haikutarajia namba chini ya sifuri. Mwaka 2012 kosa katika kiini cha Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, lilifanya prosesa zikimbie bure, na tovuti ya Reddit ikazimika kwa muda.

Google walikwepa kwa kuitawanya: saa zao hupunguzwa mwendo kidogo kidogo kwa saa 24, hadi sekunde ya ziada imemezwa. Ni ujanja mzuri mradi seva zako zote ziufuate. Ukichanganya kwenye NTP, njia ya kompyuta kulinganisha saa zao kupitia mtandao, chanzo kinachotawanya na kisichotawanya, mashine zako zitabishana hadi nusu sekunde.

Sasa limezuka jambo jipya. Tangu 2020 kumekuwa na siku ambazo dunia imezunguka kasi kuliko saa 24 kamili. Ikiendelea hivyo, huenda ikabidi sekunde iondolewe, jambo ambalo halijawahi kufanyika hata mara moja. Programu ya kuondoa sekunde, ambayo haijawahi kuonja siku yake halisi, mimi siiamini. Novemba 2022 Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo uliamua kikomo cha tofauti kipanuliwe ifikapo 2035, yaani marekebisho yasubiri muda mrefu zaidi.

Wako wanaolalamika kwamba saa itaachana na jua. Hoja hiyo hainitishi. Saa za Kenya zimefuata longitudo ya 45, nayo Lamu iko karibu na 41, kwa hiyo kwa wastani jua hutufika utosini dakika 16 hivi baada ya saa sita mchana. Adhuhuri hufuata jua, na kwa mwaka mzima huhama kati ya saa sita na saa sita u nusu bila mtu kulalamika. Kwa mwendo wa sekunde 27 katika miaka 45, UTC isiyorekebishwa itachukua karibu miaka 1,600 kufika kwenye tofauti hiyo ya dakika 16.