Mafua, ndege na masikio: kazi iko wakati wa kushuka

Safari ya ndege kutoka Nairobi hadi Kisumu haifiki saa moja. Mtu mwenye mafua anapanda pua imeziba, anasinzia kidogo, na tangazo la kufunga mikanda likimwamsha, sikio moja tayari linamchoma. Anabana pua na kupuliza kwa nguvu zote. Hakuna kinachofunguka. Anatoka uwanjani akisikia watu kana kwamba amefunikwa na mtungi, na kesho yake yuko kwenye foleni ya kliniki. Sisi tunaotibu masikio, pua na koo huwaona wasafiri hawa hasa mafua yanapozagaa, na wengi wao wamekosea mahali pamoja: walingoja kuumwa ndipo waanze kufanya kitu.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa ambayo haijazi hata nusu kijiko cha chai. Chumba hicho kina mlango mmoja tu, mrija wa Yustaki, unaoteremka hadi nyuma ya pua. Kwa mtu mzima una urefu wa milimita 35 hivi, na muda mwingi umejifunga. Ukimeza mate au ukipiga miayo, misuli ya kaakaa laini huuvuta ukafunguka kwa muda usiofika sekunde moja, hewa ikapita, shinikizo la ndani likalingana na la nje. Mlio mdogo wa "tak" unaousikia ukimeza ndio huo.

Ndege ikipaa, hewa iliyomo sikioni hutanuka na kujisukuma nje yenyewe, kwa hiyo kupaa hakuwasumbui wengi. Shida ni kushuka. Hapo shinikizo la nje linaongezeka, ngoma inanyonywa kuingia ndani, na zile kuta laini za mrija upande wa pua zinasukumwa zigandamane. Fikiria mrija laini wa karatasi: ukiupuliza kutoka ndani unafunguka, ukiunyonya unajifunga. Hewa haiwezi kurudi ndani isipokuwa misuli yako iufungue.

Misuli nayo ina kikomo. Shinikizo hili tunalipima kwa milimita za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu. Tofauti ikifika karibu 60, wengi wanaumwa kweli. Ikikaribia 90, misuli inashindwa kabisa kuufungua mrija. Meza utakavyomeza, mlango umekwama. Kwa hiyo ushauri wote utakaousoma hapa una saa yake. Mbinu iliyofanya kazi vizuri dakika kumi zilizopita haifanyi kitu sasa.

Mahali unapotua pana uzito wake pia. Hewa ndani ya ndege za abiria haiachwi kuwa nyepesi kuliko ile ya mwinuko wa mita 2,400 hivi, hata ndege yenyewe ikiwa juu mara nne ya hapo. Kutoka hali hiyo ya mita 2,400 hadi JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, penye mita 1,624, sikio linapaswa kupokea ongezeko la milimita 58 hivi za zebaki. Hadi Kisumu, mita 1,157, ni kama 94. Hadi Mombasa, karibu na usawa wa bahari, ni karibu 190. Katika safari fupi kama ya Nairobi na Kisumu hewa ya ndani huenda isifikishwe juu hivyo, lakini hesabu inaonyesha kwa nini mtu wa Eldoret anayerudi kwao haumwi sana, na mtu huyohuyo akiunganisha kwenda Mombasa na mafua yaleyale anatua akiwa ameshika kichwa. Ukipanga safari, tazama unaposhukia. Ndege ndogo za kukodi zisizobana hewa ndani ni suala jingine: humo sikio linapokea mwinuko wote wa ndege, na uzuri wake ni kwamba unaweza kumwomba rubani ashuke polepole.

Anayetaka kulijua sikio lake bila kulipa tiketi ateremke kwa gari kutoka Nandi Hills hadi mashamba ya miwa ya Chemelil. Masikio yakiziba mteremkoni na kufunguka ukimeza mate, mirija yako inafanya kazi. Yakibaki yameziba hadi ufike Kisumu, ndege itakuonyesha mengi zaidi.

Mafua yanaharibu hesabu hii kwa sababu utando uliopakwa ndani ya mrija ni uleule wa ndani ya pua. Pua ikivimba, mrija nao umevimba. Kamasi nzito inakaa mlangoni. Sikio lililokuwa linafunguka kwa kumeza mate mara moja sasa linataka kusaidiwa.

Kwa hiyo jipime nyumbani, asubuhi ya safari. Kwanza penga kamasi, tundu moja baada ya jingine, taratibu. Kisha bana pua, funga mdomo, usiyaache mashavu yavimbe, halafu sukuma hewa kuelekea puani kwa upole kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Masikio yote mawili yakilia "tak" na kujaa kidogo, unaweza kusafiri kwa tahadhari. Likifunguka moja tu, au yasifunguke yote, tumia dawa ya kupuliza puani, ngoja dakika 15 hadi 20, ujaribu tena. Bado? Ahirisha kama unaweza. Najua tiketi inauma. Lakini sikio likivuja damu ndani, utakaa na uziwi wa wiki nzima au zaidi, na hiyo mikutano uliyoikimbilia hutaisikia vizuri. Mwenye maambukizi ya sikio yanayoendelea, au aliyefanyiwa upasuaji wa sikio karibuni, asipande kabla ya kutazamwa.

Dawa ya puani yenye msaada hapa ni oksimetazolini ya asilimia 0.05 au zailometazolini ya asilimia 0.1 kwa mtu mzima. Zipo madukani mwa dawa Kisumu na Nakuru. Namna ya kuitumia ndiyo wengi wanakosea. Usiinue kichwa kutazama dari. Dawa itashuka kooni ukaionja tu. Inamisha kichwa mbele kidogo. Kwa tundu la kulia shika chupa kwa mkono wa kushoto, la kushoto kwa mkono wa kulia, ncha ielekee upande wa kona ya nje ya jicho, wala si ukuta wa katikati ya pua, ambao hukauka na kutoa damu. Puliza mara moja huku ukivuta hewa kidogo, kama unayenusa ua. Subiri dakika tano hadi kumi, upenge, kisha puliza tena mara moja. Mara ya kwanza hufungua mbele. Mara ya pili ndiyo inayofika nyuma, mlangoni mwa mrija. Bila hiyo ya pili, pua inapumua vizuri na sikio bado limefungwa, na mtu anadhani dawa ni mbovu.

Kwa safari ya Nairobi na Kisumu fanya hivyo ukiwa umekaa unasubiri kuitwa kupanda, kama nusu saa kabla ya kuondoka; dawa itakutosha hadi unatua, kwani nguvu yake hudumu saa kadhaa. Kwa safari ndefu, iache mfukoni uitumie nusu saa hadi saa moja kabla ndege haijaanza kushuka. Usiizidishe siku tatu mfululizo. Baada ya hapo pua huizoea na kuvimba zaidi kila dawa inapoisha, na hilo huchukua muda kulitibu.

Vidonge? Pseudoefedrini ndiyo yenye ushahidi: majaribio kwa watu wazima wanaosumbuliwa na masikio angani yalionyesha kwamba miligramu 120 zikimezwa angalau nusu saa kabla ya kupaa hupunguza maumivu. Kwa watoto wadogo haikusaidia. Na si ya kila mtu. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, tezi la shingo lililozidi kasi, glakoma (presha ya macho), shida ya kukojoa kwa sababu ya tezi dume, au mwenye mimba asiimeze bila kuongea na mfamasia au afisa wa kliniki. Baadhi ya masharti haya yanahusu hata dawa za kupuliza. Soma pia karatasi ya pakiti, kwa sababu vidonge vingi vya mafua vina feniliefrini badala yake, na mwaka 2023 jopo la wataalamu wanaoishauri mamlaka ya dawa ya Marekani lilikubaliana kwamba feniliefrini ya kumeza haizibui pua. Dawa za mzio zinazoleta usingizi hazifai kwa mafua ya kawaida. Zitakulaza wakati unaohitaji kuwa macho.

Sasa angani. Usilale ndege ikishuka. Ukiwa usingizini unameza mate mara chache mno, na katika safari hii fupi kushuka huanza mapema, pengine vikombe vya chai vikiwa ndiyo kwanza vimeondolewa. Mwombe mhudumu akuamshe, au weka kengele ya simu. Dalili ya kwanza ni sauti ya injini kupungua na pua ya ndege kuinama kidogo. Anza hapo. Ukingoja hadi uone maji ya ziwa dirishani, sehemu kubwa ya ongezeko la shinikizo imeshapita.

Meza mate kila baada ya nusu dakika hivi. Chingamu au peremende husaidia kwa sababu zinaleta mate. Kutafuna peke yake hakutoshi, ni kumeza kunakofungua. Chupa ya maji yenye mdomo mdogo ni bora. Kisha, sikio likianza tu kujaa, kabla halijauma, bana pua umeze mate pua ikiwa imebanwa. Lisipofunguka, puliza kwa upole kama ulivyojipima nyumbani, na ukipenda unganisha yote mawili: bana, sukuma kidogo, meza papo hapo. Kwa sikio moja lililo sugu, inamisha kichwa upande wa pili, sogeza taya la chini mbele, ujaribu tena. Rudia kila dakika mbili hadi magurudumu yaguse ardhi.

Neno "upole" silisemi kwa adabu tu. Kupuliza kwa nguvu na pua imejaa kamasi kunaisukuma kamasi hiyo ndani ya sikio, na shinikizo kubwa la ghafla linaweza kupasua utando mwembamba wa sikio la ndani, ukabaki na kizunguzungu na uziwi usiorudi. Sikio likishakwama, acha kulipigania. Puliza dawa puani, meza maji, subiri, jaribu tena kidogo. Mara nyingi linafunguka saa moja au mbili baada ya kutua.

Mtoto mchanga hawezi kufundishwa kumeza, lakini ananyonya. Ndege ikianza kushuka mwamshe, mkalishe wima kidogo mapajani, mpe ziwa au chupa, na umcheleweshe kidogo kula kabla ya hapo ili awe na njaa. Akilia, kilio chenyewe kinafungua mrija, usiaibike mbele ya abiria. Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, ndiyo maana anaumwa upesi. Wa chini ya miaka minne wape kikombe chenye mrija wa kunywea; karanga na peremende ngumu zinawapalia. Dawa za kupuliza za watu wazima msizitumie kwa watoto bila kuelekezwa. Jambo linalowashangaza wazazi ni kwamba mtoto mwenye tundu kwenye ngoma, au aliyewekewa vibomba vidogo sikioni, huwa haumwi kabisa na kushuka kwa ndege: hewa inapita moja kwa moja.

Vile vikombe viwili vyenye karatasi iliyolowa maji moto, vinavyowekwa juu ya masikio, viacheni. Havifungui mrija, na ndege ikitikisika mtu anaungua. Mafuta ya kupikia, maji ya kitunguu saumu na vijiti vya pamba navyo haviufikii mrija, maana ngoma imesimama katikati. Vizibo maalumu vya masikio kwa wasafiri hupunguza kasi ya mabadiliko na vinaweza kusaidia kidogo, ila haviwezi kufanya kazi ya mrija uliovimba.

Ngoma nzima ya sikio ina rangi ya kijivu inayong'aa, nyembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu, unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Baada ya kutua vibaya, tukiitazama kwa taa tunaiona imeingia ndani, kile kifupa cha nyundo kimetokeza, mishipa myekundu imejichora kandokando yake. Ikiwa mbaya zaidi, nyuma yake kuna majimaji ya rangi ya asali yenye viputo, au damu inayoonekana ya buluu. Majimaji hayo hujiondokea katika siku chache hadi wiki chache. Parasetamoli gramu moja kila baada ya saa sita inatosha kwa maumivu ya mtu mzima, isizidi gramu nne kwa siku.

Nenda ukatazamwe siku hiyohiyo ukiona damu au usaha unatoka, dunia inazunguka, au usikivu umekatika ghafla. Ukiumwa kupita siku mbili, nenda pia. Maumivu makali yakiisha ghafla na majimaji yakatiririka, huenda ngoma imetoboka. Usitie dawa yoyote, kinga maji unapooga kwa pamba iliyopakwa vaselini, usiogelee. Matundu mengi ya aina hii hujifunga yenyewe ndani ya wiki kadhaa.

Kabla ya ndege ya kurudi, rudia kile kipimo cha asubuhi. Masikio yote mawili yakifunguka kwa urahisi, panda. Kama moja bado linagoma, kuna basi la Nairobi linaloondoka Kisumu usiku, linalokupandisha na kukushusha kwa saa nyingi, likikupa muda wa kumeza mate njiani.