Mwendesha pikipiki wa mbio za lami: ni kazi ya namna gani?

Mwendesha pikipiki wa mbio za lami ni mwanamichezo anayelipwa ili ashindane juu ya barabara ngumu, si juu ya udongo. Kwetu Afrika Mashariki ukitaja mbio za pikipiki, wengi hufikiria motokrosi: matuta, vumbi, pikipiki ikiruka hewani. Huo ni mchezo mwingine kabisa. Kwenye lami hakuna kuruka. Kuna kasi, breki na kona, na mtu anayelaza pikipiki hadi goti na kiwiko vinakwaruza chini.

Mbio zenyewe zina matawi mawili. La kwanza, ambalo ni la zamani, ni la barabara za kawaida zinazofungwa kwa muda. Maarufu kuliko zote ni TT (Tourist Trophy) ya kisiwa cha Man, kilichopo kati ya Uingereza na Ireland, iliyoanza mwaka 1907, ambako mzunguko mmoja una takriban kilomita 60 kati ya kuta za mawe, nyumba na nguzo. La pili ni la viwanja maalumu, na huko ndiko ziliko ajira nyingi na fedha nyingi. Ubingwa wa dunia wa tawi hili ulianza mwaka 1949, na daraja lake la juu leo linaitwa MotoGP: injini za cc 1000 na mwendo unaopita kilomita 360 kwa saa. Hapa nitakaa zaidi kwenye tawi hili la pili.

Kushinda peke yake hakumfanyi mtu kuwa mweledi wa kulipwa. Kinachomtambulisha ni mkataba, na hasa fedha zinatoka kwa nani kwenda kwa nani. Juu kabisa wapo waendeshaji wa timu za kiwanda kama Ducati, Honda, Yamaha, Aprilia na KTM, ambao hulipwa mshahara, marupurupu ya ushindi na fedha za wadhamini. Zipo pia timu zinazojitegemea, zinazokodi au kupewa pikipiki na viwanda. Chini huko, kwenye madaraja ya vijana, mambo mara nyingi hugeuka: kijana ndiye anayetafuta wadhamini na kupeleka fedha kwenye timu ili apate nafasi. Watu huona jukwaa la washindi wakadhani wote waliopanga mstari wanapokea mishahara. Wapo wanaolipa.

Njia ya kupanda tuione kwa Brad Binder wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Potchefstroom mwaka 1995. Nchini kwake hakukuwa na mashindano ya kumfikisha mbali, kwa hiyo ilibidi aende Ulaya akiwa bado mvulana. Alipita kwenye Red Bull Rookies Cup, mashindano ya vijana ambayo washiriki hupewa pikipiki zinazofanana, jambo linalowapa nafasi hata wasio na mfuko mnene. Mwaka 2011 aliingia kwenye ubingwa wa dunia, daraja la cc 125, ambalo mwaka uliofuata lilipisha Moto3 yenye injini za silinda moja za cc 250.

Halafu akasubiri. Ushindi wake wa kwanza ulikuja Jerez, Hispania, mwaka 2016, na ulikuja kwa namna ya ajabu: timu yake iliadhibiwa kwa programu ya injini isiyoruhusiwa, akapelekwa nyuma kabisa nafasi ya 35, na akashinda akitokea huko. Mwaka huohuo akawa bingwa wa Moto3 zikiwa zimebaki mbio 4. Akapanda Moto2, daraja lililo kati ya Moto3 na MotoGP, ambako mwaka 2019 alikosa ubingwa kwa pointi 3 tu. Mwaka 2020 akaingia MotoGP na KTM, na katika mbio zake za tatu, pale Brno, Ucheki, akashinda. Hakuna Mwafrika Kusini aliyewahi kushinda mbio za daraja hilo kabla yake, wala KTM haikuwa imewahi.

Tangu kuingia ubingwa wa dunia hadi siku ile ilipita miaka 9, na huyo ni mmoja wa waliofanikiwa. Wengi huishia Moto3 au Moto2, wakahamia mashindano ya pikipiki zinazotokana na zile za dukani, au wakarudi nyumbani.

Kazi ya wikiendi huanza Ijumaa kwa mazoezi. Jumamosi kuna kutafuta nafasi ya kuanzia na, tangu mwaka 2023, mbio fupi za nusu ya umbali. Jumapili ni mbio kuu, dakika 40 hivi, mshindi akipata pointi 25, wa pili 20, wa tatu 16, hadi wa 15 anayepata 1. Lakini ukiuliza timu inamlipa kwa lipi, jibu si dakika 40 hizo tu. Akitoka uwanjani huketi na wahandisi na kueleza pikipiki ilifanya nini kona kwa kona: gurudumu la mbele lilianza kuteleza wapi, la nyuma liliruka wakati gani wa kufunga breki, injini ilivuta vipi alipofungua gesi. Kompyuta huonyesha namba, ila haziwezi kusema mtu alihisi nini. Mwenye kasi asiyejua kueleza huigharimu timu muda mwingi, na mimi naona hapo ndipo vipaji vingi hupotea.

Tairi nazo ni somo zima. Siku ya jua hutumika tairi kipara, zisizo na mistari, kwa sababu mpira mwingi unaogusa lami hushika vizuri. Mvua ikinyesha katikati ya mbio, mwendeshaji anaruhusiwa kuingia eneo la timu pembeni mwa uwanja na kurukia pikipiki ya pili yenye tairi za mvua. Austria mwaka 2021 mvua ilianza zikiwa zimebaki dakika chache. Waliokuwa mbele wakaingia kubadilisha, Binder akabaki na tairi kipara kwenye lami iliyolowa na akashinda. Uamuzi ule ulikuwa wake mwenyewe, huku uwanja ukizidi kuteleza.

Mwili hulipa gharama. Misuli ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja, huvimba kwa kufunga breki hadi vidole vinakufa ganzi, na upasuaji wa kuipa nafasi ni jambo la kawaida kwao. Mwaka 2013 mwendeshaji wa MotoGP Jorge Lorenzo alivunjika mtulinga pale Assen, Uholanzi, siku ya Alhamisi, akapelekwa kwa ndege hadi Barcelona kupasuliwa, akarudi na kumaliza wa 5 Jumamosi. Marc Márquez alivunjika mkono wa kulia Jerez mwaka 2020, akapasuliwa mara 4, na hakuwa bingwa tena hadi 2025. Mavazi yenye mfuko wa hewa unaofumuka mtu anapoanguka ni lazima tangu 2018. Hata hivyo vifo vipo: mwaka 2021 Jason Dupasquier wa Moto3 alifariki akiwa na miaka 19, baada ya kuanguka Mugello, Italia.

Mikataba huwa ya mwaka mmoja au miwili, na mwajiri naye anaweza kuyumba. Suzuki ilijiondoa mwishoni mwa 2022 na kuwaacha waendeshaji wake wakitafuta kazi. KTM ilielemewa na madeni mwishoni mwa 2024, ikaokolewa na fedha za Bajaj ya India, ndiyo hiyohiyo yenye Boxer za bodaboda zetu na iliyotuachia jina la bajaji.

Kustaafu huja mapema. Casey Stoner, bingwa mara mbili, aliacha mwaka 2012 akiwa na miaka 27. Wengine hugeuka watangazaji au wamiliki wa timu, na wachache huajiriwa kuwa wajaribuji wa pikipiki, kazi isiyo na jukwaa wala makombe. Dani Pedrosa aliacha kushindana mwaka 2018 na kuanza kuijaribia KTM. Alipoalikwa kushiriki Jerez mwaka 2023, akiwa na miaka 37, alimaliza wa 6 katika mbio fupi za Jumamosi. Aliyeshinda mbio zile ni Binder, juu ya KTM ambayo Pedrosa alikuwa amesaidia kuitengeneza.